Barua Iliyofika Badala ya Watu

Saa nne kasorobo ya asubuhi, siku ya Jumatano, wanawake wawili waliojitanda leso waliingia katika ghala la Ndia Kuu nilikokuwa karani, wakanipa barua na kuniomba nikawasomee. Sikuhitaji kuifungua. Hati iliyokuwa juu ya bahasha ilikuwa yangu.

"Imeletwa jana na tarishi wa misheni," alisema mkubwa wao. "Pale matangani hakuna ajuaye herufi za Kizungu. Mwalimu wa chuo cha Kurani ameigeuza juu chini, akasema hii si kazi yake. Tukaambiwa, mwendeeni bwana karani."

Nilimwomba tajiri wangu ruhusa ya saa moja, nikafuatana nao hadi Bondeni. Nilikwenda kwa shida, maana yaliyokuwa ndani ya bahasha ile niliyajua neno kwa neno.

Miezi minane kabla ya siku hiyo, padre wa kanisa letu dogo la Ganjoni alirudi kutoka likizo kwao Ulaya akiwa na shauri jipya. Alikuwa ameona kwamba wanaotoa fedha kwa kazi ya Mungu huchoka wasipopata habari, akataka pawe na mpango wa kuwatunza. Mimi nilikuwa mwandishi wa kamati, bila malipo. Kusoma na kuandika nilijifundisha mwenyewe ukubwani, na kupanga mambo ni kitu nikipendacho, kwa hiyo niliipokea kazi ile kwa furaha ambayo hata leo inaniudhi. Nilipiga mistari katika daftari kubwa: jina la mfadhili, mahali anapokaa, alichotoa, msiba au furaha iliyompata, tarehe ya barua ya mwisho. Kila robo ya mwaka kila mmoja apate barua. Akifiwa, apate barua ya rambirambi kabla ya siku tatu kupita. Padre alitunga mwenyewe mfano wa kila barua, akakataza neno lolote kuongezwa wala kupunguzwa.

Kwa watu wa ng'ambo mpango ulifaa. Walijibu, wakatuma, wengine wakatuma mara mbili. Lakini chumba chetu cha dawa, walipotibiwa vidonda na macho wanawake na watoto wa mjini bila kuulizwa dini, kiliendeshwa kwa fedha za hapa hapa kisiwani. Watu ishirini na watatu walichanga kila mwezi, na aliyewazungukia mlango kwa mlango alikuwa mama mmoja wa Bondeni, mfuaji wa nguo za watumishi wa reli. Zamani padre alikuwa akiwatembelea watu hawa. Alikaa barazani kwao, akanywa kahawa yao, akawauliza habari za wagonjwa wao. Nilipomaliza kuwaandika wa ng'ambo nilimwuliza, "Na hawa wa hapa, Bwana?"

"Nao waingie daftarini. Hatutaki ubaguzi."

Lilikuwa neno zuri, nami nililiamini. Tangu hapo ziara zikakoma. Padre alisema barua ishirini na tatu huandikwa kwa muda wa ziara mbili. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na mimi niliyezaliwa kisiwa hiki niliikubali.

Mama huyo alibatizwa bila ridhaa ya jamaa zake. Mamake alibaki Mwislamu na waliendelea kukaa nyumba moja kwa mapenzi. Mjombake, aliyekuwa akisomesha watoto chuoni, alimwambia siku ile ya ubatizo: "Ukifiwa utalia peke yako. Watu wako hao hawajui kuhani wafiwa." Kwa miaka sita mama alimjibu jibu moja, kwamba watakuja, na ataona kwa macho yake.

Mamake akafa Jumapili usiku, akazikwa Jumatatu asubuhi. Padre alipata habari adhuhuri. Alisema marehemu hakuwa mmoja wetu, kwa hiyo hatuna la kufanya katika mazishi. Barua ya rambirambi yatosha. Niliiandika jioni ile. Jumanne nilikuwa na barua kumi na tisa za kumaliza kabla ya meli ya posta, nikazimaliza. Nyumba niliijua. Ni mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kanisani. Sikwenda, na sina udhuru.

Wanaume walikuwa wameketi nje juu ya mikeka, wanawake wamo ndani, mlango wazi. Nilitoa salamu, nikampa kila mtu mkono wa pole. Mjomba akanionyesha mahali pa kusimama, karibu na kizingiti, ili ndani wasikie.

Nilianza. "Kwa mpendwa mfadhili wetu. Tumepokea kwa huzuni habari za msiba wako, nasi tunamwomba Mungu akufariji." Hapo niliikunja karatasi.

"Mbona mistari bado ni mingi?" aliuliza mjomba. "Hiyo mingine ni mapambo?"

"Ni salamu tu, Shekhe."

"Basi tupe na salamu. Usituruke, bwana karani."

Sauti ya mwenye msiba ikatoka ndani, imekauka kwa kulia. "Soma yote."

Nikasoma yote. "Tunakushukuru kwa rupia moja na nusu ulizotoa katika robo ya mwaka iliyopita. Ni tumaini letu kwamba hata katika majonzi hutaisahau kazi hii. Na ukijaliwa siku moja kufika Mombasa, mlango wetu u wazi kwako."

Mzee mmoja akasema taratibu, "Akijaliwa kufika wapi?"

"Mombasa," akajibiwa.

"Lo! Na hapa tulipo ni wapi? Lamu?"

Kicheko kikapita mkekani, kile cha matangani ambacho watu hukizuia kwa mikono. Kijana mmoja akaita kuelekea mlangoni, "Shangazi, funga mizigo! Wenyewe wakungoja Mombasa!" Mjomba akamkemea, lakini mdomo wake mwenyewe ulikuwa ukimcheza. Akaichukua barua, akaitazama. "Hati ni nzuri. Nani aliyeandika?"

"Mimi."

Kicheko kikakatika. Ningependelea kiendelee.

Mama alitokea mlangoni, leso imemfunika hadi kwenye nyusi. "Padre mgonjwa?"

"La, mzima."

"Ana safari?"

"Hana."

"Haya," alisema. "Keti unywe kahawa, usije ukaondoka mikono mitupu nyumbani kwa mamangu." Akarudi ndani. Nikaketi, nikanywa, na kahawa ile sikuhisi ladha yake.

Kutoka pale sikurudi ghalani. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa padre, nikamkuta na mpiga picha akipanga chupa za dawa mezani, picha ya kupelekwa ng'ambo. Nilimweleza yote. Alifungua daftari, akaweka kidole. "Lakini hapa imejazwa. Msiba, barua, tarehe. Mpango umefuatwa."

"Umefuatwa, Bwana, na ndiyo aibu yenyewe. Matanga yanaanuliwa kesho asubuhi. Twende sasa. Hutahitaji kusema neno. Keti tu waone umeketi."

"Leo nina mpiga picha, na ni ghali. Nitakwenda Jumamosi."

"Jumamosi utakuta mikeka imekunjwa."

"Huruma haina siku, ndugu yangu."

"Kwetu ina siku tatu, na mbili umeshazipoteza. Mwanamke huyu amewaahidi jamaa zake kwa miaka sita kwamba utakwenda!"

Alinitazama kana kwamba nimepandisha sauti kanisani, akamgeukia mpiga picha. Hakwenda siku ile. Jumamosi alikwenda, akakuta mlango umefungwa. Mama alikuwa ameshika kazi ya kufua.

Mwisho wa mwezi mama alinijia ghalani. Fedha za mwezi ule alikuwa amezirudisha kwa wenyewe, nyumba kwa nyumba. "Sikutoka kanisani, kaka," alisema. "Jumapili utaniona. Lakini nikibisha hodi mlangoni mwa watu, wananiuliza kama nimeshafika Mombasa. Siwezi tena." Wachangaji kumi na saba walikoma pamoja naye. Chumba cha dawa, kilichofunguliwa siku sita, kikafunguliwa siku moja, na wenye macho mabovu wakajifunza kurudi nyumbani.

Nilidhani padre angesikitika. Aliniletea barua ya kunakili kwa wafadhili wote wa ng'ambo, ikisema kwamba wenyeji wa pwani bado hawajajifunza moyo wa kutoa. Niliisoma mara mbili nihakikishe sikukosea. Nikaiweka kalamu mezani, nikamwambia sitainakili, nikamtajia nyumba ishirini na tatu moja moja, nani alitoa nini na kwa miaka mingapi, bila kufungua daftari. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akavuta kiti, akaketi, akainakili mwenyewe.

Nilijiuzulu uandishi juma lile. Kabla ya kukabidhi daftari nilifunga hesabu za wachangaji wa kisiwani, kama ilivyonipasa. Mwaka wa ziara walitoa rupia mia moja na tisini na mbili. Mwaka ulioanza baada ya matanga, kwa maelezo ya aliyenirithi, walitoa rupia thelathini na moja. Zilizopotea ni rupia mia moja na sitini na moja.