Ndizi Juu ya Jiwe la Moto

Harufu ninayoikumbuka zaidi ni ya ndizi zilizoiva, utamu mzito uliochanganyika na kiberiti cha volkeno. Nyuma ya nyumba yetu, juu kidogo ya mji wa Goma, Baba alikuwa na shimo. Humo alivundika ndizi za kasiksi, divai yetu ya ndizi, kwa majani na moshi mpaka zikalainika. Udongo ulikuwa mweusi, na watu walisema ndizi zake zina ukali wao. Baba alifariki kwa homa, na kabla hatujaondoa matanga, mlima ukalipuka. Mto wa moto ulifunika nyumba na shimo, ukaganda kuwa jiwe, ukaacha migomba michache upande wa juu.

Katika ukoo wetu matanga huondolewa kwa kasiksi ya marehemu mwenyewe: ndizi zake, shimo lake. Mama yake akinywa, mjane anavua kitambaa cheusi na kubaki na watoto wake. Asipokunywa, ukoo ndio unaoamua. Koko, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa ameshasema kwamba bila shimo hakuna kasiksi, na kwamba mimi na mdogo wangu tutakwenda kukaa kwake Butembo. Mama hakubishana. Alikwenda kulitazama lile jiwe jipya. Lilikuwa bado na joto, na mvua ikinyesha lilitoa mvuke.

Alipanga ndizi juu yake, akazifunika kwa turubai. Kesho yake zilikuwa zimepikika. Jirani yetu Papa Kambale alikuja kuchungulia, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama Masika, hii si kasiksi, ni chakula ya wagonjwa! Ongeza tu chumvi."

"Basi lete sahani yako, Papa Kambale," Mama alijibu. "Usikae bure."

Alikata mikungu mingine. Safari hii alitandika nyasi nyingi kwanza, kisha majani ya mgomba, na kila alipopita alitia mkono chini kupima joto na kuzigeuza ndizi. Ziliiva taratibu, njano yenye madoa. Tulizimenya, tukazikamua kwa nyasi, tukachuja, Mama akatia unga wa mtama uliokaangwa na kuuacha mtungi uchachuke.

Koko alifika na wajomba wa Baba. Alishika kikombe, akanusa.

"Hii imeivia wapi?"

"Juu ya jiwe, mama."

"Jiwe halikumujua mutoto wangu."

"Hapana, halikumujua," Mama akasema. "Lakini shimo yake iko chini ya hilo jiwe, na mimi siwezi kulivunja."

Mdogo wangu alikuwa amenishika nguo. Koko alikunywa kidogo, kisha akamaliza kikombe. "Iko kali," alisema, "lakini ni kasiksi." Akanyoosha mkono, akafungua mwenyewe kile kitambaa kichwani kwa Mama. Mimi pia nilionja baadaye. Haikuwa kama ya Baba. Ilikuwa chachu zaidi, na sitasema vinginevyo.

Jiwe lile lilipoa zamani, na watu wamejenga juu yake. Sasa naishi Ndosho, mtaa wa Goma, katika nyumba ya mbao juu ya mawe ya namna hiyo hiyo, ambapo hakuna anayeweza kuchimba shimo. Wanawake huvundika ndizi katika mapipa ya plastiki, na vijana hutengeneza divai ya marakuja, yaani pasheni, na kuitia katika chupa safi. Mwaka huu tumemzika Mama. Hatuna tena mgomba hata mmoja, kwa hiyo matanga yake niliyaondoa kwa divai ya marakuja niliyofundishwa na jirani. Shangazi mmoja alinung'unika; wanawake wa kanisani waliomba kuongezewa. Ipi ni bora, sijui. Mama asingeuliza hivyo. Angeuliza tu kama watu walikunywa, na walikunywa.