Mito ya Iowa na Swali la Dada Hawa

Mwanangu, mimi huyu mwenye cheti cha shule ya jioni ukutani niliwahi kuamini kwa moyo wote kwamba kuna jimbo la Marekani ambako mahindi humwagwa barabarani ili magari yasiteleze kwenye theluji. Jimbo lenyewe ni Iowa. Asubuhi, niliambiwa, kila mama hutoka na ufagio, anazoa ya kutosha bukari, yaani ugali, ya siku nzima, na serikali inamshukuru kwa kusafisha njia. Aliyenisimulia ni dereva wa teksi hapa katikati ya Johannesburg. Ushahidi wake? Shemeji yake aliwahi kupita juu ya Iowa kwa ndege.

Usicheke bado. Mwaka ule, 2016, mvi zilikuwa zimeshaanza, lakini kwa upande wa elimu nilikuwa kijana mbichi kabisa. Mchana nililinda duka la jumla, jioni nilikuwa darasani, na jiografia ilikuwa imenipanda kichwani kuliko pombe yoyote niliyowahi kuonja kwetu Bukavu.

Juu ya duka letu, ghorofa ya tatu, alikuwa akishona dada Hawa, mjane wa Buyenzi, Bujumbura, Mwislamu asiyekosa swala hata mvua inyeshe mawe. Wale wanaoshughulikia safari za wakimbizi walimwita, wakamwambia yeye na binti zake wamepata nafasi Iowa. Arudi Jumatatu aseme anakubali au hapana. Akikataa, faili lake linarudi mwisho wa foleni, na katika foleni ile binti zake walikuwa wameota meno wakayabadilisha. Akikubali, ndiyo basi, amehama. Hakumjua mtu anayezungumzia vitabu kama mimi, ndipo akaniomba nimwelezee hiyo Iowa ni nchi ya namna gani.

Nikasoma, mwanangu. Nilisoma mpaka kitabu kikakaribia kuniomba nikipumzishe. Jumapili mchana nikapanda ngazi, nikamkuta nyuma ya rundo la sketi za sare za shule lililokaribia kugusa dari. Nikasimama kama profesa.

Nikamwambia Iowa imekaa katikati ya mito miwili mikubwa, Mississippi upande wa mashariki na Missouri upande wa magharibi. Udongo wake ni mweusi, umetokana na majani marefu yaliyoota na kuoza hapo kwa maelfu ya miaka. Jina ni la Waioway, wenyeji wa kale. Wafaransa waliiuza nchi ile kwa Wamarekani pamoja na eneo kubwa mno, wala hawakuwauliza waliokuwa wakiishi humo. Walowezi wakaja na majembe, reli ikafuata, wenyeji wakasukumwa ng'ambo ya mto. Baadhi yao, Wameskwaki, walirudi wakanunua kipande cha ardhi yao wenyewe kwa pesa zao.

"Yao wenyewe?" Hawa akainua kichwa.

"Yao wenyewe."

"Eish. Endelea."

"Sasa uchumi!" Nikakohoa. "Mahindi, dada yangu. Jimbo zima ni mahindi. Unga hutanunua tena maishani. Yanamwagwa hadi barabarani."

Akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Papa Furaha, umemaliza?"

"Bado milima. Lakini milima hawana."

"Haya, ahsante. Sasa niambie. Nimefika, nimelala, kumekucha Jumatatu. Mikono yangu hii itafanya kazi gani?"

"Si nimekwambia mahindi..."

"Nani ananiajiri?"

"Watu wa kule ni wakarimu sana..."

"Sikukuuliza tabia zao! Umenipa mito, umenipa Wafaransa, umenipa majani. Mimi na wanangu hatuendi kuishi kwenye ramani."

Wakati mimi nikisoma wiki nzima, yeye alikuwa akitafuta namba ya Mwamini, jirani yake wa zamani wa mtaa wa Yeoville hapahapa jijini, aliyekwisha kuhamia Iowa. Akampigia palepale, akaweka sauti ya nje.

"Mwamini, niko na mwalimu hapa, anasema huko mahindi yanamwagwa barabarani."

Kicheko kilichotoka kwenye simu ile kilitosha kuvunja vioo vya jengo zima.

"Mwalimu wa wapi huyo? Barabarani ni chumvi! Tena dada, mahindi yenyewe mengi si ya watu. Yanaliwa na nguruwe, mengine yanageuzwa mafuta ya magari. Na nguruwe ndiyo kazi. Sisi wageni wengi tunaanzia kwenye viwanda vya kuwachinja."

Hawa akaisogeza simu karibu. Nami nikakaa chini kusikiliza, jambo ambalo mke wangu hadi leo haamini.

"Na wewe?" akauliza taratibu.

"Mimi nilikataa. Nafua mashuka hotelini, Des Moines, mji mkubwa. Mshahara ni mdogo kuliko wa kiwandani, lakini roho yangu imetulia. Waambie kabla hujasaini kwamba unataka mjini. Wakikupeleka kwenye kijiji chenye kiwanda kimoja tu, utachagua nini? Waambie pia unajua kushona."

Jumatatu akaenda, akasema anakubali, ila kazi ya nguruwe hawezi, na kama inawezekana awekwe mjini. Hawakumwahidi kitu. Waliandika tu. Miezi ikapita, ndipo akapelekwa Des Moines. Alianza na mashuka, sasa anapunguza suruali za watu kwenye duka la nguo. Baridi, anasema, hakuna binadamu anayeizoea. Lakini alilokuta ndilo alilokwenda akilijua.

Basi, mwanangu, jiji hili kila wiki linaaga mtu. Siku yako ikifika, mito isome, ni mizuri. Kisha mtafute aliyefika kabla yako, umuulize alianza na kazi gani, nani alimpa, na ni ipi aliyoikataa. Masharti yako yaseme kabla ya kusaini. Na mtu akikuuliza habari za nchi anayoiendea, mpe unachokijua, ukifika mwisho wake useme "sijui", maana yeye atapanda ndege na maneno yako.

Mungu akufungulie njia, akukutanishe na mtu wa kukwambia ukweli kabla hujaondoka, na akupe kazi ambayo mikono yako haitaona haya kuinuka kuomba dua.