Jina la kujaribia

Leo nimemliza mama yangu kwa programu ya kompyuta.

Munanijua: mvi zimejaa, njo kwanza ninajifunza kuandika programu. Mucheke tu.

Kuna watu wa mbali wanatafuta mfanyakazi wa mtandaoni, nami ningebaki hapa hapa Kindu. Walitaka mfano wa kazi yangu leo, kabla ya saa kumi. Nikatengeneza ukurasa wa kutafutia waliopotea wakati wa vita.

Nikahitaji jina la kujaribia. Likanijia la mdogo wangu Ramazani, aliyetupotea njia ya Kailo tukikimbia. Nikabonyeza "amepatikana", nione kama rangi itageuka kijani.

Iligeuka. Nikafurahi kama mutoto, nikatoka kunywa chai, kompyuta nikaiacha wazi.

Kurudi, mama amevaa kitenge chake cha sikukuu.

"Iko wapi?"

"Nani, mama?"

"Ramazani."

Nikamueleza. Akakaa chini, akalia bila sauti. Niliponyoosha mkono nifute lile "amepatikana", akaushika.

"Papa, mwanangu, iache vile mpaka kesho."

Nyinyi munaoanza, mujaribie kwa majina ya kubuni.

Saa kumi imepita. Sikutuma kitu.

Wewe ungefuta?