Miaka Yangu ya Upondo Katika Kinamasi cha Lualaba

Siku ya kwanza kazini, mkuu wa kituo cha hifadhi hakunipa sare wala kalamu. Alinipa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akaniagiza nivuke hadi ng'ambo na kurudi bila kugusa mafunjo. Niliyagusa kila mahali. Niliporudi jua lilikuwa limeshapanda, naye akasema tu, "Kesho tena, mama." Nilikuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa pale kuongoza wageni, na wanaume wa gatini walikuwa wakingoja nikate tamaa. Sikuwapa furaha hiyo.

Kinamasi chetu kiko mwendo wa nusu siku kutoka Kolwezi, mahali ambapo mto unajitanua na kuingia matete. Wageni walitoka mjini: makarani, masista na wanafunzi wao, wahandisi wa migodi na familia zao. Mashine ya mtumbwi tuliizima mapema, kwa sababu kuna ndege wa vidole virefu anayetaga juu ya majani ya yungiyungi, na wimbi dogo tu humwaga mayai yake. Kutoka hapo ni upondo na kunong'ona. Ndipo nilipojifunza kusoma maji. Maji mazuri ya mafunjo yana rangi ya chai isiyo na maziwa. Ukitia mkono, unauona hadi kwenye kiwiko.

Baada ya miaka mingi mkuu yule alihamishwa, akaja konservateri, ndivyo tunavyomwita msimamizi wa hifadhi. Alikuwa mtu wa sheria na haraka. Asubuhi moja ya kiangazi, nikiwa na wageni, niliyakuta maji yamegeuka meupe kama uji. Niliwarudisha gatini, kisha nikaufuata weupe ule hadi juu. Kundi zima la wachimbaji lilikuwa likiosha mawe ya shaba kwenye kijito kinacholisha kinamasi.

Konservateri alitaka kuita polisi. Nilimwambia polisi watawafukuza leo, na juma lijalo watakuwa kwenye kijito kingine. Nikaomba siku moja na mtumbwi mmoja.

"Siku moja," alisema. "Ikishindikana, nafanya kazi yangu."

Kiongozi wa wachimbaji alikuwa Baba Ilunga, au Tata Ilunga kama tunavyosema kwetu, mzaliwa wa Mutshatsha, baba wa watoto sita. Alipanda mtumbwi shingo upande. Nilimpeleka kwenye mizizi ya mafunjo, ambako samaki huficha watoto wao, nikachota kwa kikapu. Walitoka tilapia wadogo kama kucha, mashavu yamejaa tope, wengi wamekufa. Aliwashika kiganjani, akawageuza kwa kidole mmoja mmoja.

"Mama, kama tunaacha kuosha mawe, batoto yetu batakula nini?"

"Mi sisemi muache kazi, tata. Nasema mutoe ile kazi mu maji. Hii samaki ndiyo batoto benu banakula na bukari."

Bukari ndio ugali wetu. Hapo akaniambia kwamba mke wake anauza samaki sokoni, wa kinamasi hiki hiki. Hakuwa amewahi kuwaza walikozaliwa.

Tulihangaika majuma kadhaa. Walichimba mashimo ya kuoshea mlimani, mbali na kijito, na konservateri mwenyewe akawatafutia pampu. Wengine walirudi kijitoni kwa siri. Tukawafuata kila asubuhi, mimi na Tata Ilunga. Misimu miwili ya mvua ilipita kabla maji hayajarudia rangi yake.

Magoti yalinistaafisha kabla ya ofisi. Vijana huniuliza kama kinamasi kimeokoka, nami siwadanganyi. Kila kiangazi wanafika watu wapya wenye njaa, wasiojua maji yao yanakwenda wapi. Juzi limefika kundi jingine la wachimbaji. Kusukuma siwezi tena, ila kukaa mbele ya mtumbwi na kuonyesha kwa kidole bado naweza. Nimeshamtumia kiongozi wao salamu: kesho saa kumi na mbili asubuhi aje gatini, na avae nguo ambazo hatajali zikilowa.