Kanga Aliyopewa Biji

Pale Tooting, London, kwenye nyumba ya safu yenye mlango wa kijani, anakaa mama mmoja wa Kikalasinga ambaye kwa miaka hamsini hakumruhusu mtu kumgusa nywele. Jina lake Surjit Kaur. Kazaliwa Tanga, baba yake fundi wa karakana ya reli, na Kiswahili chake mpaka leo ni cha Tanga, kile cha kuongea na mtu ukasahau saa. Kwenye gurdwara, hekalu lao, wanamsifu kweli. Wanamwona kajitanda mtandio toka utosini mpaka kifuani, kiangazi na kipupwe, hata akiwa jikoni peke yake, wanasema huyu ndiye mcha Mungu. Waache waseme. Ucha Mungu anao, sikatai, lakini chini ya mtandio ule kulikuwa na kitu kingine, na kitu hicho ni woga.

Mwaka juzi, mwezi wa Januari, kiharusi kilimpiga. Mkono wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito. Kiingereza kikamtoroka chote. Kipunjabi kikawa kinamjia vipande vipande. Kilichosalia kizima, maajabu ya Mungu, ni Kiswahili. Ndipo halmashauri ikamletea mlezi wa asubuhi, Mwatima, mwanamke wa Kizanzibari wa miaka arobaini, kajifunga hijabu yake sawasawa, mdomo haulali.

Walipatana toka siku ya kwanza. Kabla ya kumwogesha, Mwatima alishusha mapazia, akafunga mlango kwa ufunguo, akamsugua kipande kwa kipande chini ya shuka. "Mtu mzima hafunuliwi ovyo, bibi," alisema. "Hawa wengine wanatufanya kama kuku wa kunyonyolewa." Surjit alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Lakini mkono wa Mwatima ulipofika kwenye mtandio, mkono mzima wa Surjit uliukamata.

"Hapo basi, mwanangu."

Sasa hapo ndipo penye kazi. Kalasinga hakati nywele toka anazaliwa mpaka anachomwa, na tena anatakiwa azichane asubuhi na jioni. Surjit kwa mkono mmoja wa kushoto hakuweza. Mwengine hakumtaka. Wiki ya tatu nywele zile zilikuwa zimeshikamana fundo moja gumu, na ngozi imeanza kutoka vidonda. Nesi aliyepita alitikisa kichwa. Binti yake Manjit, mzaliwa wa hapahapa London, anayejibu kila Kiswahili kwa Kiingereza, akapiga simu toka Croydon: "Mummy, just cut it." Akampangia kinyozi aje nyumbani Ijumaa.

Surjit alilala akiitazama dari. Kukatwa nywele, kwake, ni kufa mtu mwingine. Lakini kila vidole vya mtu vilipokaribia kichwa chake, alihisi vingine vikitangulia, vikavu, vya kizee, vinapapasa utosini kama vinatafuta kitu kilichopotea. Mwenye vidole hivyo alikufa mwaka sabini na tatu. Na vikishapapasa, Surjit alisikia bangili ya chuma ikigonga chuma cha kitanda, ti, ti, ti, mchana kweupe, redio inaimba chini. Hakumwambia mtu. Mgonjwa wa kichwa akisema anasikia bangili, atapelekwa wapi kama si huko wasikorudi watu.

Jumatano, zimebaki siku mbili, aliamua atajaribu mwenyewe. Kile kitana kidogo cha mti ambacho kila Kalasinga anacho, Wapunjabi wanakiita kangha. Kilikuwa mezani, kwenye kioo. Akamnyooshea Mwatima kidole.

"Nipe kangha."

Ulimi mzito, sikio la Kizanzibari. Mwatima alisikia kanga. Akainama, akafungua mtoto wa meza wa chini kabisa, akachakura, akaibuka na kanga moja iliyofifia, nyekundu na nyeupe, inanuka nondo. Akaikunjua, akasoma jina lake. "Wema hauozi. Haya maneno mazuri, bibi. Nikufunike nayo miguu?"

Surjit alitoa sauti ambayo Mwatima hajaisahau. Haikuwa kilio, wala haikuwa neno.

Yuwapi aliyewahi kusema kanga hailii? Ile ilikuwa imekaa mle tangu siku ya msiba wa mama mkwe, mwaka ule wa sabini na tatu.

Mumewe, Gurdial, alikuja London mwaka sitini na saba, Waasia wengi wa Tanga walipokuwa wakifunga mizigo. Fundi mzuri wa vyuma. Kila kiwanda alichobisha hodi walimtazama kichwani kwanza: kazi ipo, kilemba hapana. Mwezi wa tatu, njaa ikiwa haina adabu, aliingia kwa kinyozi. Ndevu aliziacha. Surjit alipomfuata alimkuta hivyo, kichwa kama cha karani wa posta, akalia siku mbili, kisha akapika. Kwao Tanga hawakuandika kitu juu ya nywele zile.

Halafu akaja mama mkwe, Basant Kaur, wenyewe wanamwita Biji. Macho yalikuwa yameshafunikwa na mtoto wa jicho, na tumbo lilikuwa na ugonjwa ambao daktari aliutaja kwa sauti ya chini. Kila Gurdial alipoingia chumbani kwake alifunga kilemba kwanza juu ya nywele zake fupi, akamgusa mama miguu, akarudi nyuma upesi. Mama alimpapasa ndevu tu. "Mwanangu kakonda," alisema. Wakaishi hivyo miezi minne, watu wazima wawili wakicheza kidali poo na kipofu. Aibu tupu.

Mchana mmoja wa Januari, kama saa kumi, giza la London limeanza kuingia dirishani, Biji aligonga bangili yake kwenye chuma cha kitanda. Surjit akaenda.

"Kangha," alisema Biji. "Mwite Gurdial. Nataka nimchane mara moja, kama zamani."

Surjit alisimama palepale. Amwite, mama afungue kilemba, avikute vile vijinywele vifupi? Mtu anayekufa, umpe hilo aende nalo? Nyumbani mle walikuwa na mzaha wao wa siku zote, wa kangha na kanga, kuomba hiki ukaletewa kile, mkacheka. Basi aliushika mzaha huo. Alikwenda sandukuni, akatoa kanga.

"Hii hapa, Biji. Kanga yako ya Tanga."

Kizee aliipokea. Hakucheka. Alipitisha vidole kwenye pindo, taratibu, kutoka pembe moja mpaka nyingine, kama anatafuta meno ya kitana. Kisha akaiweka kifuani, akageukia ukutani. Chakula cha jioni hakikumkuta.

Gurdial aliuliza swali moja tu. "Hakuniita?"

"Hakukuita," Surjit akajibu. "Aliomba kanga yake."

Hapo sasa. Alimdanganya mtu anayekata roho, kisha akamnyang'anya mtoto wito wa mwisho wa mamake. Na jambo lililomla miaka yote hiyo ni kwamba hakujua kama Biji aliukubali mzaha au alifahamu. Gurdial hakufuga nywele tena wala hakufunga kilemba tena. Gurdwarani hukaa nyuma kabisa, karibu na viatu, kitambaa cha mkononi kichwani. Surjit alikuwa akimtazama pale na kusema moyoni, mimi ndiye niliyemweka pale.

Jumatano ile Gurdial, aliyekuwa chini, alisikia sauti akapanda ngazi, mzee wa miaka themanini na mbili, kikombe cha chai mkononi. Akaiona kanga. Akasimama mlangoni.

"Baba Manjit, kaa," Surjit alisema kwa Kiswahili, maana ndicho alichobakiwa nacho. Mwatima alitaka kuwapisha, Surjit akamshika gauni. Ilimchukua muda mrefu, maneno yalitoka moja moja na mate. "Alikuita. Aliomba kitana. Alitaka kukuchana wewe. Mimi nikampa hii."

Gurdial aliweka kikombe chini sakafuni, kwa uangalifu.

"Najua."

Surjit akaliachia gauni la Mwatima.

"Nilikuwa nyuma ya mlango," alisema. "Kilemba nakifunga, sijamaliza. Nilimsikia vizuri. Nikamwomba Mungu umpe kitu kingine, chochote. Ulipompa kanga nilishukuru. Nikashuka ngazi kwa ncha za vidole ili msijue kwamba nilikuwepo."

"Na ulipokuja kuniuliza?"

"Nilitaka nione kama utanifichia."

Surjit alimtazama. Hasira iliyompanda ilikuwa ya msichana wa miaka ishirini na tano, mzima wa viungo. "Miaka hamsini," alisema. "Ukaniacha nibebe peke yangu."

"Nilikuacha."

Mwatima aligeuza uso dirishani, machozi yanamtoka, hajui ni ya nani.

Surjit aliushika mtandio kwa mkono wake wa kushoto, akauvuta mwenyewe mpaka ukaanguka mapajani. Fundo lile la nywele nyeupe likaonekana, na vidonda vyake.

"Kitana kiko mezani," alimwambia mumewe.

"Mimi sijui kuchana nywele ndefu."

"Utajua leo."

Alikaa kitandani nyuma yake. Mwatima akampa mafuta ya nazi na kumwambia aanzie nchani. Kitana kikanasa, akavuta, Surjit akakaza meno.

"Inauma?" aliuliza Gurdial.

"Inauma," alisema Surjit. "Endelea."