Sweta la Mbwa wa Memsahibu

Enzi zetu mbwa alivaa manyoya aliyozaliwa nayo, basi. Nasema hivi kwa sababu asubuhi ya leo, hapa nyumbani kwangu Mazwi, Sumbawanga, mjukuu wangu Neema amemvisha mbwa wake sweta. Sweta la bluu, tena lina kofia. Mbwa mwenyewe hafiki hata gotini kwangu, jina lake Prinsi, na ametoka Dar es Salaam kwa basi akiwa amepakatwa njia nzima. Nilipouliza kulikoni, Neema akanisogezea simu usoni. "Bibi, daktari wa mifugo anasema mbwa wadogo wanasikia baridi kuliko wakubwa. Na baridi ya Sumbawanga, Bibi, we acha tu." Nikamwambia aniondolee simu yake machoni. Uji wangu wa ulezi nimeunywa kwa hasira mpaka ukanichoma ulimi, na hasira yenyewe si ya leo.

Ninyi mliozaliwa zama zangu, wakati wa Mwingereza, mnakijua kipupwe cha Ufipa. Mnakumbuka ule upepo ulivyokuwa ukipita juu ya nyasi bila kuzuiwa na mti wala kilima, unaingia chini ya mlango, unakukuta umejikunja mkekani. Asubuhi umande ulikuwa unauma vidole vya miguu kama siafu. Tulikwenda shule ya misheni peku, kila mmoja na nguo yake moja ya kaniki au marekani, na Mama alituchomea viazi vitamu kwenye majivu, akatupa kimoja kila mkono. Havikuwa vya kula kwanza. Vilikuwa vya kushika. Ulivikumbatia njia nzima, ukavihamishia kwapani, na vilipoanza kupoa ndipo ulipovila, na maganda yake ukayalamba. Tukilia kwamba tunaganda, Mama alikuwa na jibu moja tu: "Kimbieni, mtapata joto." Nasi tulikimbia kweli, tukiruka matuta ya mashamba moja baada ya jingine, na anayeshindwa kuruka anaangukia kwenye majani yaliyofukiwa humo yaoze kuwa mbolea, anainuka mweusi.

Watu wa Muze walipopanda kutoka bondeni kuja kuuza samaki na pamba, tuliwacheka sana. Kule kwao ni joto, basi wakifika juu kwetu meno yanagongana. Tulijiona mashujaa. Lakini nyumbani tulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwa shujaa wa baridi, naye ni mdogo wangu Vensia. Alikuwa na miaka kama mitano, mimi tisa. Kifua chake kilikuwa kibovu. Kila kipupwe kilipoanza, alikohoa kuanzia asubuhi hadi jioni, na akivuta pumzi ulisikia kifuani kama mtu anakanyaga mabua makavu. Baba alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye mkonge huko Tanga. Tulibaki na Mama na Babu, baba yake Baba.

Babu alikuwa mfumaji wa nguo za pamba, zile nzito za asili, ambazo vijana wa leo nikiwaambia zilitengenezwa hapahapa Ufipa wananiangalia kama nimechanganyikiwa. Wanadhani nguo zilianza na mtumba. Kitanda chake cha kufumia kilikuwa nyuma ya nyumba, mbao zake zimechimbiwa ardhini juu ya shimo la kuwekea miguu, na miguu yake ilizoea shimo lile kuliko kiti. Lakini wakati huo alikuwa ameshaacha, kwa sababu kila mtu alikimbilia vitambaa vya dukani. Alikuwa amebakiza nguo moja tu, ndefu, nene, nyeupe kama unga wa mahindi. Aliifuma kwa mikono yake ili azikwe nayo. Ilikaa kwenye kikapu juu ya dari, na sisi watoto tulikatazwa hata kuinyooshea kidole.

Mama naye alijua kufuma masweta. Masista wa misheni walimfundisha alipokuwa msichana, na sindano alizokuwa nazo ni walizompa wao. Sasa mwaka huo, kipupwe kimepamba moto, tarishi wa boma akaja nyumbani na mfuko. Ndani mlikuwa na madonge ya sufu nyekundu, laini, sijawahi kushika kitu laini namna ile. Akasema mke wa Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa boma, amesikia habari za Mama, anataka afumiwe sweta la mbwa wake kwa sababu mbwa anatetemeka.

Mama akamwambia arudie. Tarishi akarudia. Babu, aliyekuwa anaota jua ukutani, akauliza kama huyo mbwa ni mgonjwa. Tarishi akajibu, "Mzee, mimi nimetumwa tu." Mama akauliza kipimo. Tarishi alikuwa ameshageuka kuondoka, akasema mbwa ni mbwa, apime kwa mbwa yeyote.

Basi Mama akapima kwa mbwa wetu. Mbwa wetu aliitwa Tutaonana. Jina hilo Babu alimpa kwa ajili ya jirani mmoja waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, ili kila akimwita mbwa, jirani asikie. Alikuwa mbwa wa kuwindia, mrefu, kifua kipana, na kulala kwake ni kwenye majivu ya jikoni. Mama alimzungushia kamba kifuani, shingoni, mgongoni, na Tutaonana akasimama ameinamisha kichwa kwa aibu. Sisi tulicheka mpaka tukashika mbavu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba duniani kuna mbwa anayeweza kukaa ndani ya kikapu cha mayai. Hatukuwahi kumwona.

Mama alifuma siku nyingi, mchana akitoka shamba, na Vensia alikaa miguuni pake akikohoa na kulishika donge la uzi lisibiringike. Sweta lilipokwisha lilikuwa zuri, nasema kweli. Safari ya kulipeleka boma tulikwenda watatu, maana Vensia hakukubali kuachwa. Tuliondoka asubuhi, na katikati ya njia upepo ukamkamata Vensia, akakohoa hadi akachuchumaa. Mama akaangalia mbele, akaangalia nyuma. Akalitoa lile sweta kapuni akamvisha. Lilimkaa kama lilipimwa kwake. Miguu ya mbele ya mbwa ikawa mikono ya Vensia, na chini likamfika kiunoni. Alitembea mbele yetu ametanua mabega, na kwa mara ya kwanza siku nyingi kikohozi kilinyamaza. Mama alimfuata akimtazama. Tulipoliona lango la boma akamvua, akalikung'uta, akalikunja vizuri.

Memsahibu, huyo mke wa Bwana Shauri, alitupokea barazani. Mbwa akatoka nyuma yake. Nilimwona yule mbwa nikadhani ni paka aliyenyolewa. Tumbo halina manyoya, miguu kama vijiti vya kukorogea dawa, na kweli alikuwa anatetemeka. Memsahibu akalishika sweta, akalitandaza juu ya mbwa, mbwa akapotea humo ndani. Akacheka. Alicheka vizuri tu, si kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Kisha akasema, "Mama, hii kubwa sana. Fumua. Fuma ndogo."

Mama akasema atalifumua nyumbani. Memsahibu akatikisa kichwa: hapana, hapahapa, ili sufu isipotee. Akavuta kiti, akakaa na chai yake kusubiri.

Basi Mama akaketi sakafuni, akatafuta mwisho wa uzi, akaanza kufumua. Na ili uzi usijifunge mafundo alihitaji mtu wa kuuzungusha, na mtu huyo akawa Vensia, kwa kuwa ndiye aliyezoea. Mnanielewa? Mtoto anayetetemeka kwa baridi alikalishwa kwenye saruji, akalizungusha kuwa donge kwa mikono yake mwenyewe, safu kwa safu, sweta lililokuwa mwilini mwake muda si mrefu kabla ya hapo. Mikono iliisha, kifua kikaisha, mgongo ukaisha. Alikohoa, na Memsahibu akasema, "Pole, toto," akamimina chai nyingine. Macho anayo, masikio anayo. Alijua kabisa baridi ni nini, maana alimwonea huruma mbwa. Mimi nilisimama kwenye ngazi nikimkazia macho Memsahibu, na kama macho yangekuwa yanachoma, lile boma lingeungua siku hiyo.

Sweta dogo Mama alilifuma, likapelekwa, na sufu yote iliyobaki ikarudishwa. Lakini Babu alipotuona tunarudi siku ile, na Vensia amebebwa mgongoni, midomo imepauka, aliuliza kilichotokea. Mama akamweleza yote. Babu hakutukana wala hakupaza sauti. Alipanda kiti, akashusha kikapu chake, akasema, "Mke wa mwanangu, lete kisu." Mama akapiga magoti kumsihi. Babu akasema, "Mimi nitakapovaa hii sitasikia baridi tena. Huyu anaisikia leo." Akaikata katikati. Nusu ikashonwa kanzu nene ya Vensia, na kipupwe chote kile hakuivua.

Babu alifariki kabla ya kipupwe kingine. Tulimzika na nusu iliyobaki. Ilimfunika kuanzia kichwani hadi magotini, na miguu Mama aliifunika kwa khanga yake. Niliona kwa macho yangu.

Sasa niambieni kama sina haki ya kukasirika nikiona mbwa na kofia. Na watoto wa siku hizi nao, wanapita hapa mlangoni kwenda shule, kila mmoja na sweta lake la sare, na wamelifunga kiunoni. Ukimwuliza mbona hulivai, anakwambia, "Bibi, jua linakuja." Nusu saa baadaye anapiga chafya.

Mchana Vensia amekuja kutoka Matai kunitembelea. Ni mama mtu mzima sasa, ana vitukuu, na kifua chake bado kinalia kidogo. Nilimwonyesha Prinsi na sweta lake nikitegemea tukasirike wawili. Yeye akakaa, mbwa akamfuata moja kwa moja, akalala juu ya miguu yake. Neema akaja mbio kumtoa. Vensia akasema, "Mwache, mjukuu wangu. Hata yule wa boma alifanya hivihivi."

Nikamwuliza yule yupi. Akanishangaa. "Yule wa Memsahibu. Tulipokuwa tunafumua alikuja akanilalia miguuni mpaka tukamaliza. Alikuwa na joto kweli. Wewe hukuona, dada, ulikuwa unamwangalia Memsahibu tu."

Nimekaa na maneno hayo tangu mchana. Hasira yangu ipo palepale, siirudishi hata kidogo, ila imebidi nimwondoe mbwa ndani yake. Siku hizi kila kitu kina sweta, na sisi tulikuwa na viazi vya moto, na Babu, na kisu. Lakini pale barazani, asubuhi ile, aliyemsogelea Vensia alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa akisubiri hilo sweta.