Kibao Juu ya Kioo cha Kinyozi

Mtaa mzima ulimwita Redio, na jina lilimkaa. Ukiketi kwenye kiti chake, kabla hajamaliza kukufunga kitambaa shingoni umeshajua nani kahama, duka gani lina viatu vya kudumu, na dawa ipi ya magoti ni dawa kweli na ipi ni maji yaliyotiwa rangi. Tuseme ukweli, kinyozi yule alipenda watu. Akipata kitu kizuri hakuweza kukikalia kimya. Atakuambia, na ukizubaa atakusindikiza mpaka dukani.

Kitu kimoja tu alikikalia. Jumapili aliimba besi kwenye kwaya, na "Amina" zake zilimtia mkewe haya kwa jinsi zilivyopasua masikio. Jumatatu akifungua kibanda, dini yote ilibaki kabatini pamoja na joho. Juu ya kioo alikuwa ametundika kibao alichokiandika kwa mkono wake, rangi nyekundu: SIASA NA DINI MWISHO MLANGONI.

Wateja walikisifu kibao kile, wakamwona ana busara. Busara gani! Wateja wawili walishikana mashati kwa ajili ya uchaguzi wakavunja kioo, na siasa ikapigwa marufuku, haki yake. Lakini dini haikuwa imevunja hata kitana. Aliiongeza mwenyewe, akihofia kuitwa mlokole na wateja kuhamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara.

Rafiki yake mkubwa pale kibandani alikuwa mzee mmoja fundi saa, mpole, mwenye utani wa chinichini. Kila Jumamosi alikuja kunyoa ndevu, na mkewe alimsubiri kwenye benchi akifuma vitambaa. Mke yule alifariki. Fundi akaendelea kuja peke yake, hadi miguu nayo ikamgomea, akaacha kuonekana.

Ndipo Jumapili moja mhubiri akasema, "Hakuna mtu unayemjua ambaye atakoma kuwapo. Jirani yako atakuwapo hata jua likizimika. Atakuwapo wapi? Na wewe ulimwambia nini?" Redio aliitikia kwa nguvu kuliko wote. Kisha akamkumbuka fundi saa, na Amina ya pili hakuimaliza.

Kesho yake binti wa fundi akasimama mlangoni pa kibanda. "Shikamoo, baba. Mzee anaomba uje umnyoe nyumbani. Daktari ametuambia tukae naye tu, hakuna tena la kufanya."

Redio alibeba mashine, akaenda akijisemea njia nzima: leo namwambia, nikitoka mle bila kumwambia mimi si mtu. Akaingia. Ukutani saa za fundi zilikuwa zimesimama, kila moja na wakati wake, maana wa kuzitia ufunguo alikuwa kitandani. Redio akawasha mashine, akafungua mdomo, na kilichotoka kikawa mpira. Kutoka mpira akaenda kwenye maji yaliyokatika, kutoka maji kwenye mbwa wa jirani. Alijisikia anavyopayuka, akajichukia, na bado akaendelea. Shavu moja likaisha.

"Redio," fundi alisema, "hebu zima hiyo mashine."

"Nimekukata?"

"Hapana. Mama watoto alipofariki, nilikuja kwako baada ya mazishi. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, Fundi. Nilikunyoa bure."

"Bure, na ukanihadithia mpira nisilie. Nilishukuru. Lakini siku ile sikufuata kunyolewa. Nilitaka kukuuliza yuko wapi sasa. Nilikwisha kukusikia ukiimba kwenye misiba ya watu, kwamba mtaonana tena na waliokufa. Nikainua macho, nikaona kibao. Nikasema, huyu ni rafiki yangu, nisimvunjie sheria yake."

Redio aliona uso unamwaka moto. Angeweza kusingizia kile kioo kilichovunjwa, na ulimi ulishaanza kujipanga. Akaukamata.

"Ilikuwa woga, Fundi. Niliogopa utanihama."

"Nikuhame niende wapi? Yule wa ng'ambo ana mkono wa kuchinjia mbuzi." Fundi alicheka, kikohozi kikamkatiza. Alipotulia hakuwa tena na utani. "Viatu uliniambia. Dawa ya magoti uliniambia. Haya mnayoimba unayaamini, au ni kuimba tu?"

"Nayaamini."

"Hata wakati ule nilipokuwa nakaa kwenye kiti chako?"

"Hata wakati ule."

Fundi aliangalia dari. "Mke wangu alikuwa anakaa kwenye lile benchi, uso kwa uso na kibao chako. Yeye je? Uliwahi kumwambia?"

Kinyozi alitafuta Jumamosi hata moja. Alikumbuka kwamba alimwelekeza yule mama duka la nyuzi nzuri, akamsifia vitambaa, akamtania kwamba mumewe anazeeka vibaya. Alikumbuka na soda aliyompa siku ya joto.

"Sikumwambia," alisema. Alitamani sakafu ipasuke immeze.

Fundi hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Aliuvuta mkono wa kinyozi, ule wenye mashine, akaushusha kwenye shuka.

"Basi niambie mimi," alisema. "Humu kwangu hakuna kibao."

Redio, domo la mtaa mzima, alikosa pa kuanzia. Aliketi ukingoni mwa kitanda, machozi yakamtoka bila kificho. Akaanza kwa kumwomba fundi msamaha, na kumwomba pia yule mama asiyeweza tena kumsikia. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo kwaya yake isingeitambua, akamtaja Yesu kwa fundi saa kwa mara ya kwanza. Alirudia maneno, akachanganya mambo, akarudi nyuma kuyarekebisha. Fundi alimsikiliza ndevu zikiwa bado upande mmoja, na kila aliponyamaza alimwambia, "Usiache. Endelea."